Majibu kwa Wasomaji: Mkaguzi Akibisha Hodi kwa Mlezi wa Watoto

SWALI: Shikamoo Mama wa safu hii. Ninaishi Magomeni, hapa Mtwara mjini. Huu ni mwaka wa nne nashinda na watoto wa kina mama wanaouza samaki feri na wengine wanaobangua korosho. Nilianza na wawili, sasa ni tisa. Mdogo ana miezi kumi na mmoja na mkubwa hajatimiza miaka minne. Kila mama hunilipa kwa siku, na ambaye hakuuza siku hiyo hunilipa kesho yake. Mwenyekiti wa mtaa amenijulisha kwamba Afisa Ustawi wa Jamii atapita kukagua nyumba zinazolea watoto. Jirani yangu ananishauri niseme kwamba wote ni watoto wa ndugu zangu, kwa kuwa wakaguzi huja kufunga tu. Mimi sina majengo, nina ukumbi mmoja, kibaraza na ua wenye mwembe. Je, nifiche au nimsubiri? Na akija, ataangalia nini hasa?
Mlezi, Magomeni, Mtwara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifiche. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na inampa Afisa Ustawi wa Jamii mamlaka ya kuvikagua. Nyumba inayopokea watoto tisa wa watu kila siku kwa malipo haiwezi kujiita ya ndugu kwa sababu tu haina kibao mlangoni. Hata hivyo, sababu yangu kubwa si hiyo ya sheria. Siku utakaposema kwamba wote ni watoto wa ndugu zako, utakuwa umewafuta kwenye daftari lolote linalojulikana, na ikitokea mmoja akapandwa na homa kali ukalazimika kukimbia naye hospitali ya Ligula, hakuna atakayejua wale wanane uliowaacha ni wa nani, mama zao wanapatikana kwa simu ipi, na nani anaruhusiwa kuja kuwachukua.

Jirani yako naye hakusema uongo mtupu. Wapo wakaguzi wanaofika wakiwa na uso wa kufunga, wakatazama bati lililotoboka na rangi iliyobanduka, wakaandika, wakaondoka bila kuinama hata mara moja. Kwa maoni yangu mkaguzi asiyeinama hajakagua kitu, kwa sababu mtoto wa miaka miwili haoni bati. Anaona soketi iliyo chini, mpini wa sufuria uliojitokeza nje ya jiko, na kidonge kilichodondoka chini ya kitanda.

Kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi ya ustawi wa jamii katika mikoa hii ya kusini kwa miaka mingi, na nyumba ninayoikumbuka kuliko zote niliikagua mara mbili kwa siku moja bila kukusudia. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika. Nilifika saa nne asubuhi, ua umefagiwa hadi michirizi ya ufagio inaonekana mchangani, watoto saba wameketi juu ya jamvi, na jiko la mkaa liko nje chini ya mwembe, mbali na mlango, limezungushiwa matofali. Nikaandika kwamba jiko liko mahali salama, nikatia saini, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika mtaa wa pili mvua ilipoanza tena, nikakumbuka kwamba mwavuli wangu nimeuacha umeegemea ukuta wa yule mlezi. Niliporudi ilikuwa saa sita na ushei. Jiko halikuwa tena chini ya mwembe. Lilikuwa ukumbini, nyuma ya mlango, sufuria ya maharage ikitokota juu yake, dirisha limefungwa ili maji yasiingie, na watoto wale saba wamelazwa juu ya jamvi lile lile, hatua tatu kutoka kwenye moto. Mmoja alikuwa amejigeuza usingizini, mguu wake umeshavuka ukingo wa jamvi kuelekea kwenye makaa. Mlezi hakunidanganya asubuhi. Jiko lake kweli hukaa chini ya mwembe, mvua isiponyesha.

Shule ina maisha ya aina moja kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, lakini nyumba ya kulea ni nyumba ya watu: inapika, inapokea wageni, inafua, inaanika, ina kijana anayerudi na pikipiki mchana na mpangaji wa chumba cha nyuma. Kwa hiyo mimi huuliza saa kuliko ninavyouliza kuta. Ndiyo maana pia siwalaumu wakaguzi wanaofika bila kutoa taarifa, ingawa najua inakera. Marekani, kwa mfano, sheria yao ya mwaka 2014 inayohusu ruzuku ya malezi ya watoto inataka walezi wenye leseni wakaguliwe angalau mara moja kila mwaka bila kuambiwa siku, na wanaohusika ni pamoja na wanaolea watoto nyumbani mwao.

Sasa tuitembelee nyumba yako kwa saa zake. Asubuhi watoto wanapoletwa, mkaguzi atataka kuona daftari. Daftari la kawaida la kurasa mia linatosha: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina na simu ya mzazi, simu ya mtu wa pili iwapo ya mzazi haipatikani (na kule feri mara nyingi haipatikani), ugonjwa au chakula kinachomdhuru, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Mtoto akifika akiwa na homa au anaharisha, mrudishe na mama yake hapo hapo mlangoni, hata kama mama atanuna.

Saa za mchana ndizo zenye hatari, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa amelala hana cha kumwamsha. Kwa hiyo siku ya mvua jiko lisiingie ukumbini kwa hali yoyote. Jenga kibanda kidogo uani, hata cha makuti, mradi kisishikane na paa la nyumba na kiwe na kizuizi ambacho mtoto hawezi kukipita. Kama huna uwezo huo mwaka huu, pika uji na chakula cha watoto alfajiri kabla hawajafika na ukitie kwenye chombo kinachohifadhi joto. Ukipikia gesi, fahamu kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na sakafuni ndipo watoto wako walipo. Mtungi ukae nje ya ukuta au kando ya mlango ulio wazi, na ukisikia harufu usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Toa watoto kwanza.

Maji yanafuata. Watu wakisikia mtoto kuzama huwaza bahari ya Shangani, kumbe mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama katika ndoo iliyobaki maji ya kimo cha sentimita tano tu. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu. Akichungulia huenda kichwa chini miguu juu, na hana nguvu ya kujirudisha. Tena huzama kimya, hapigi kelele wala harushi maji, na mlezi aliyeko hatua nne nyuma yake akichambua mchele hasikii chochote. Ndoo ya kufulia, beseni la kuogea na diaba la kuroweka nguo vimwagwe na kufunikwa kifudifudi mara tu kazi inapokwisha. Pipa la maji ya kunywa liwe na mfuniko wenye uzito unaokusumbua wewe mwenyewe kuunyanyua.

Choo cha shimo kiwe na komeo juu, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki. Dawa, sabuni ya unga, mafuta ya taa na dawa ya mbu viwe ndani ya sanduku lenye kufuli. Usiniambie kwamba umeviweka juu ya kabati, maana mtoto hupanda. Na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Kwa sisi wa kusini kuna jambo ambalo fomu nyingi za ukaguzi hazina nafasi yake, nalo ni korosho. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane watu wanapulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mifuko ya salfa pamoja na chupa za viuatilifu hulala nyumbani, mara nyingi chumba kile kile ambacho mchana kinalala watoto. Vumbi la salfa huchoma macho na kifua, na mwenye kupulizia hurudi akiwa nalo kwenye nguo. Mume wako au kaka yako akitoka shambani abadilishe nguo kabla hajamnyanyua mtoto. Msimu wa mavuno nao una yake: ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi, mikono ya wabanguaji wenyewe inashuhudia, na mtoto hutia mdomoni kila anachookota uani. Hata korosho iliyobanguliwa ikakaangwa vizuri usimpe nzima mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa kuwa ni rahisi kumkaba. Isage kwenye uji wake, itamfaa zaidi.

Linabaki swali ambalo hukuuliza. Tisa ni wengi kwa mtu mmoja. Kipimo changu hakitoki kwenye kitabu: moto ukiwaka sasa hivi ukumbini kwako, unaweza kutoka na watoto wangapi kwa safari moja? Mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wawili wa kushikwa mikono. Hao ni wanne. Tafuta mtu mzima wa pili, hata wa saa za mchana peke yake, na usimwachie binti wa miaka kumi na mbili nafasi hiyo kwa sababu naye ni mtoto anayestahili kuwa shuleni.

Afisa akimaliza, mwombe akuandikie kasoro zote kwenye karatasi, pamoja na muda aliokupa wa kuzirekebisha, na atie saini. Komeo, mifuniko na kufuli havizidi uwezo wa mtu anayekusanya kidogo kidogo, na ukiwashirikisha kina mama wale tisa watachanga. Mwulize pia hatua za usajili, kwani maombi huanzia kwake, kwenye ofisi ya halmashauri.

SWALI: Mimi ni baba wa mtoto wa miaka miwili na nusu, mkazi wa Lindi mjini. Mtoto wetu anashinda kwa mama mmoja mtaani kwetu. Wiki iliyopita alirudi akiwa na jeraha la moto nyuma ya kiganja, limepakwa dawa ya meno. Nilipouliza niliambiwa aligusa kikombe cha chai kikammwagikia. Mke wangu anasema nisilete maneno, kwani hatuna pa kumpeleka. Je, mzazi ana haki ya kukagua, au hiyo ni kazi ya serikali tu?
Baba, Lindi

JIBU: Pole sana, na mpe pole mtoto. Kwanza jeraha lenyewe. Mahali palipoungua panapoozwa kwa maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20, papo hapo baada ya ajali. Kama hakuna bomba, mtu achote kwa kikombe na kumimina polepole bila kuacha. Dawa ya meno, unga, asali na mafuta vinafungia joto ndani na kumpa nesi kazi ya kuvikwangua. Jeraha la mkono kwa mtoto mdogo, hata likionekana dogo, lionwe na mtaalamu, kwa sababu kovu likikaza kwenye vidole litamzuia kushika kalamu.

Haki ya kukagua unayo kila asubuhi unapompeleka. Usiende na sauti ya kesi. Nenda siku moja saa saba mchana, useme umepita kumletea mtoto nguo ya akiba, na usimame pale kwa dakika tano. Utaona chai inaandaliwa wapi, nani yuko na watoto, na kama mama yule ndiye aliyeko au amemwachia mtu. Kisha mwombe akuoneshe kikombe kilikuwa wapi. Mlezi mwaminifu atakupeleka hadi mahali penyewe na kukuambia amebadilisha nini tangu siku ile. Maelezo yakibadilika kila ukiuliza, au ukizuiwa kuingia ndani saa za mchana wakati asubuhi hukaribishwa vizuri, hapo pana jambo.

Nikuombe uangalie pia umbo la jeraha. Kikombe cha chai kikimwagika huacha alama isiyo na mpaka, yenye michirizi ya maji. Alama yenye mpaka ulionyooka, mfano wa kitu kilichobandikwa, inastahili kuoneshwa daktari na kuulizwa waziwazi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mwanao. Sheria niliyoitaja hapo juu inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhuriwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo Mtendaji na Afisa Ustawi wa Jamii ndipo pa kuanzia. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo hupigwa bila malipo.

Kuhusu neno la mke wako kwamba hamna pa kumpeleka, nalielewa kuliko anavyodhani. Ndiyo sababu nakushauri uende na wazazi wengine wawili au watatu badala ya kwenda peke yako. Mzazi mmoja akilalamika huonekana mkorofi na mtoto wake huangaliwa kwa jicho la pembeni, lakini wazazi wanne wakikubaliana kununua meza ndefu ya kuwekea vyombo vya moto na wavu wa kuzungushia jiko, mlezi atawapokea.

SWALI: Nipo Newala. Nalea wajukuu wangu watatu, na sasa majirani wawili wameniomba niwashikie na watoto wao wanapokwenda shamba. Sitozi chochote, huniletea mihogo tu. Je, na mimi nitakaguliwa?
Bibi, Newala

JIBU: Shikamoo Bibi. Kulea wajukuu hakuifanyi nyumba yako kuwa kituo. Watoto wa majirani wakianza kuletwa kila siku, mjulishe Mtendaji wa kata ili Afisa Ustawi wa Jamii akutembelee na kukushauri. Hata mihogo ni malipo, na si dhambi kulipwa. Ulinzi na usalama ni mojawapo ya nguzo tano za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021, nayo inawahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, pamoja na hao walio kwa bibi zao.

Kwa mihogo nakuomba jambo moja tu: watoto wasitafune mibichi, hasa ile michungu, kwa sababu ina sumu ambayo kumenya, kuloweka na kukausha kwetu ndiko kunakoipunguza.

Ila kitu ambacho ningekuja kukitazama kwanza nyumbani kwako ni kisima cha maji ya mvua. Huko juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na nyumba nyingi zina kisima cha saruji kilichochimbwa ardhini kupokea maji ya bati. Mdomo wake uko usawa wa ardhi, pengine katikati ya ua ambamo watoto wanacheza, na aghalabu umefunikwa kwa kipande cha bati au mbao zilizokwisha kuoza, juu yake limewekwa jiwe. Jiwe hilo humzuia mbuzi. Watoto watatu wa miaka mitano wakisaidiana hulisukuma, na bati lililokula kutu mtoto akilikanyaga katikati huzama nalo. Mwambie fundi akujengee ukingo unaofika kiunoni mwa mtu mzima na aweke mfuniko wa chuma wenye bawaba na kufuli. Mpaka fundi afike, watoto wacheze upande wa mbele wa nyumba, mlango wa uani ufungwe, na ufunguo ukae kwenye pindo la kanga yako.